Usinunue boksi ya steringi kwanza, Baba Nduku

Baba Nduku, salama huko Kitengela? Mama Nduku na wasichana wako aje? Sisi tuko poa, ni hii mvua tu imetuletea matope Kayole mpaka mlangoni.

Nimesikiza ile voisi yako mara mbili, pale unasema Hilux inaogelea ukifika Mlolongo na lori ikikupita unavutwa, unarudisha steringi, unangoja, halafu ndio gari inakubali. Nilicheka, halafu nikanyamaza juu hiyo ndio ilikuwa hadithi yangu mwaka jana. Na vile umesema fundi ashakwambia utafute boksi nzima ya steringi, ile ya gia inayopeleka mzunguko wa usukani kwa tairi, eksi-Japani (mtumba wa Japani) ya 28,000 nikaona afadhali nikuandikie, kwa simu huwa unanikatiza.

Hiyo boksi achana nayo kwanza. Mimi fundi wangu alianza vilevile, akafungua boneti, akaona ile skrubu ya juu ya boksi yenye loknati (nati ya kuizuia isilegee), akaikaza kama anafunga mtungi wa gesi, akachukua 1,500 yake. Steringi ikawa ngumu, nikasema hapo sawa, kumbe nikiingia Kangundo Road nakata kona nikaachilia usukani urudi wenyewe kama kawaida na haukurudi, umebaki pale pale umekata, na matatu inanijia mbele ikipiga honi. Niliurudisha kwa mikono miwili nikitokwa na jasho. Ile skrubu inabana meno ya ndani, ukiibana zaidi ya kiasi unayala, na hapo sasa ndio utanunua boksi kweli.

Shida yangu haikuwa boksi hata kidogo. Jumapili moja nilitandika gunia hapo parking ya ploti nikaingia chini, gari iko chini kwa tairi zake, sio kwa jeki, injini imezimwa, na Imani nimemweka kwa steringi namwambia tikisa kidogo kidogo, kulia kushoto, usizungushe. (Yangu haina pawa steringi, yako kama iko nayo washa injini, vuta handibreki na uweke mawe mbele na nyuma ya tairi, na hapo usimweke mtoto, tafuta mtu mzima.) Mimi huku chini nashika jointi moja baada ya nyingine na vidole. Usitegemee macho, vidole ndio vinasikia ile tik. Tairodi za nje, zile jointi za fimbo zinazogeuza tairi, zote mbili zilikuwa zinagonga, lakini mwizi mwenyewe alikuwa aidla amu, ule mkono wa upande wa kushoto kwa chasis unaoshikilia fimbo ya katikati. Imani akitikisa, badala ya kusonga kando peke yake, unapanda na kushuka, kama lile jino lake la mbele alilokuwa anasukuma na ulimi wiki nzima. Nikamwita ashuke aone, akacheka na pengo lake.

Kwa hivyo fanya hivyo kabla hujatoa hata shilingi. Ukiwa hapo chini angalia pia bolti zinazoshika boksi kwa chasis kama zimelegea, na hiyo chuma ya chasis yenyewe kama imepasuka, halafu ile jointi ya raba pale shafti ya usukani inaingia kwa boksi. Ukimaliza ndio uinue tairi moja moja na jeki, uweke stendi, sio mawe ya ujenzi tafadhali. Shika tairi juu na chini utikise, ikicheza mwambie mtu akanyage breki, mchezo ukiisha hiyo ni beringi na kwa Hilux kama zetu mara nyingi ni kukazwa tu, ukibaki ni boli jointi, ile inayoshikilia tairi kwa mikono ya chini ya gari, na hiyo haina mzaha, gari isitoke hapo. Ukishika kushoto na kulia ikicheza, rudi kwa tairodi. Ah, na pima upepo wa tairi mwanzo kabisa, watu wamewahi kununua speya bure juu ya tairi moja laini.

Speya nilienda Kirinyaga Road, pale wazee bado wanaita Grogan, na nikabeba zile za zamani mkononi, juu ukienda na jina la gari peke yake unauziwa kitu inakaribiana. Aidla 3,200, tairodi mbili 1,700 kila moja baada ya kuvutana, splitpini (pini za kuzuia nati isifunguke) na grisi 250. Boksi ya mtumba sina neno nayo siku ikifika, lakini tairodi na boli jointi za mtumba hapana, hujui imetembea wapi, na ikichomoka ukiwa Mombasa Road hakuna breki itakuokoa.

Kutoa tairodi ndio kazi. Usigonge ile thredi na nyundo, utaiharibu. Legeza nati, iache ishikilie kidogo, halafu weka nyundo moja upande huu wa lile jicho la chuma tairodi imeingia na upige na nyingine upande wa pili, mara tatu nne inaruka yenyewe. Hesabu mizunguko ukiifungua tairodi kutoka kwa fimbo yake. Yangu ilikuwa 17, mpya nikaiingiza 17, na ujue upande mmoja thredi zake ni za kinyume, mimi nilipigana nayo nusu saa nikiikaza. Splitpini weka mpya kila mara, usirudishe ile ya zamani.

Halafu alaimenti, kunyoosha tairi, 1,500, hiyo usiruke hata kama gari inaenda sawa, bila hiyo tairi za mbele zitaisha upande mmoja kabla ya Krismasi. Na ikivuta kushoto kidogo baada ya hapo usirudi kugombana nao, barabara zetu zimeinama kushoto ndio maji yatoke.

Jumla 8,350 na Jumapili mbili. Kitabu cha Toyota kinaruhusu mpaka milimita 30 za mchezo ukingoni mwa usukani, yaani usukani kusonga kabla tairi hazijageuka, kama vidole viwili hivi, yangu ilikuwa vinne na sasa hata kimoja hakifiki. Yako ikibaki na mchezo baada ya hayo yote, hapo ndio uguse ile skrubu, tairi zikiwa zimenyooka, thumuni ya mzunguko, kaza loknati, enda ujaribu kona. Usukani ukikataa kurudi, irudishe ulikoitoa.

Inspekshen yako ya Likoni Road ni mwezi ujao, si ndio? Hiyo steringi wao huiangalia. Mpaka uitengeneze hayo mayai unayobeba nenda nayo polepole, toka mapema kabla lori hazijajaa. Kama unataka kusaidiwa kuingia chini njoo Jumapili baada ya kanisa, gunia liko. Na uje na ile spana yangu ya 19 uliyobeba tangu Pasaka, nimenyamaza vya kutosha.

Ni mimi,
Baba Imani