Shukrani kwa mama wa leso ya buluu, Malindi

Mama uliyeketi nami karibu na kikanisa cha Wareno, jina lako sikuuliza, nisamehe. Ulinisikia nikimwambia kijana mvuvi kwamba akiokoka madeni yataisha na nyavu zitajaa. Ukangoja aondoke (stara hiyo siisahau), ndipo ukasema, "Mwanangu, hiyo si Injili, hiyo ni biashara." Ukanifungulia 1 Wakorintho 15, mstari wa 3 na wa 4: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. "Anzia hapo. Na hilo neno kuokoka mfafanulie, usidhani analijua."

Nilimtafuta yule kijana ufuoni, nikaanza upya. Aliniuliza maswali mawili, moja lilinishinda. Ahsante sana, mama.