Jedwali lililokula sifuri

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi mzima, macho tu ndiyo yamechoka, na wewe ndiye uliyeyachosha: lile faili lako la CSV (maandishi tupu, seli zikitenganishwa kwa mikato) nimelifungua kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikakutana na msitu wa mikato. Uliuliza utalipangaje liwe jedwali la kubandika kwenye barua pepe bila kufungua lahajedwali. Njia zipo, ila mbili za kwanza ziliniumbua.

Nilianza na amri ya kupanga safu, `column -s, -t oda.csv`, kwa kuwa kwenye Linux nyingi tayari imo. Mistari kumi ya kwanza ikanyooka kama gwaride. Wa kumi na moja ukateguka: kuna seli uliyoandika "Meza, ya duara" ndani ya alama za nukuu, na `column` haijui nukuu ni kitu gani. Kwake mkato ni mkato. Ikakata palepale, vilivyofuata vyote vikasogea kulia, bei ikaketi chini ya tarehe. Utaratibu wa kuifunga kwa nukuu seli yenye mkato umo katika RFC 4180, waraka wa mwaka 2005 unaoeleza muundo wa CSV, lakini `column` hutazama ile alama uliyoitajia, basi.

Nikahamia csvkit, mkusanyiko wa amri za kushughulikia CSV. Ukiandika `csvlook oda.csv` unapata jedwali lenye mipaka wima na vistari chini ya vichwa; hata Markdown, ule mtindo wa kupanga maandishi kwa alama za kawaida, inalikubali. Nukuu ilizisoma vizuri. Nikafurahi, kisha nikatazama namba za simu: sifuri za mwanzo zimeliwa zote! Kumbe `csvlook` hukisia aina ya data. Safu ikiwa na tarakimu tupu, inadhani ni hesabu, na hesabu haihitaji sifuri mbele. Tena inaongeza mikato ya maelfu, kwa hiyo namba ya mteja ikasomeka kama deni la serikali. Faili lenyewe halikuguswa, ila wewe ungebandika hicho kinachoonekana, na mpokeaji angepiga simu isiyoita.

Dawa ni herufi moja: `csvlook -I oda.csv`. Hiyo `-I` inaizuia kukisia. Mimi sasa naiweka hata pasipo haja, kwa woga tu.

Ukikuta faili limetenganishwa kwa nuktamkato, ongeza `-d ';'`. Jedwali likiwa pana kuliko skrini, malizia na `| less -S`, mistari haitajikunja. Utasogea kwa vitufe vya mshale.

Ipo pia Miller, programu nyingine ya terminali, ambayo naanza kuipenda kuliko hizo zote: `mlr --icsv --opprint --barred cat oda.csv`. Namba inaziacha zilivyo, sifuri na vyote. Shida yake ni hiyo amri ndefu. Nimeifupisha kwa alias, yaani jina fupi la amri, naiita `meza`, kwa heshima ya ile meza yako ya duara.

Jedwali nimelitengeneza, nakutumia pamoja na barua hii. Utazame mstari wa 11 kabla hujalipeleka popote.

Wako,
Salim