Mwanangu ameniuliza nilimwokota wapi

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa usiku, sijalala. Wifi yangu alikuwa anawagawia watoto zabibu, akasema, "Mpeni na huyu wa kuokota." Mwenyewe amesimama pale pale, kakinga mikono. Usiku akaniuliza, "Mama, uliniokota wapi?"

Kuokota! Kinachookotwa ni kuni. Mwanangu alianza kwa malezi ya kambo, yaani tukimlea kwa muda, afisa ustawi wa jamii akija nyumbani mpaka anafunua ndoo za maji, ndipo Mahakama Kuu ikatoa amri ya kumwasili, awe mwanetu kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu sawa na niliyemzaa ndani ya ndoa. Wifi anajua, pilau ya siku ile alikula.

Si kwamba nakwazika ovyo, Shangazi. Wakisema "mama yake halisi" nawarekebisha taratibu: semeni mama aliyemzaa, kwani na mimi si wa bandia. Wakisema "alitupwa" nawaambia yule mama hakuweza kumlea, aliyoyapitia hatuyajui. Wakiuliza wa kuzaa ni wangapi, najibu ninao wawili, basi. Hata wanaonisifu kwamba nitapata thawabu nawanyamazia, ingawa mtoto si sadaka. Lakini kuokota, tena mbele yake!

Mume wangu anasema tuyaache, ulimi wa dada yake hauna mfupa. Mimi nataka aniombe radhi mbele ya ukoo mzima. Tena sitaki, maana kikao kikiitishwa neno lile litatamkwa upya. Wanyamaze tu.

Ila kuna hili. Alipouliza nilimjibu, "Umetoka tumboni mwangu." Limenitoka tu. Na afisa ustawi alituambia mapema: anzeni angali mdogo, kwa maneno mafupi, mengine mwongeze kadiri anavyouliza, maana akiyasikia nje atadhani ni jambo la aibu. Nikawa nasubiri aingie darasa la kwanza. Sasa wifi kanitangulia, na mimi nimemdanganya mtoto.

Nianzie wapi kulirudisha lile jibu? Nimwambie kesho, au ningoje asahau neno la wifi, yasije yakamchanganyikia? Ana miaka sita. Hapa amelala, kashika ncha ya kanga yangu.

Mama wa Nkuhungu, Dodoma