Diski ya seva ikijaa, tusikimbilie kufuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa vitengo vya TEHAMA kuhusu tabia ya kufuta faili kwa pupa pale diski ya seva inayosimamia mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa kwa programu ndani ya seva) inapojaa. Nitaizungumzia vCenter, programu ya VMware ya kusimamia mashine hizo, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika ofisi nyingi.

Kwanza, taharuki haina sababu. Sehemu ya diski yenye hifadhidata inapofikia asilimia 95, huduma ya vCenter hujizima yenyewe ili data isiharibike, lakini mashine pepe huendelea kufanya kazi kama kawaida kwenye seva zake za ESXi, yaani zile zinazoziendesha. Kinachokosekana kwa muda ni uwezo wa kuzisimamia zote kutoka mahali pamoja. Muda wa kutazama kabla ya kutenda, kwa hiyo, upo.

Amri ya df -h huonyesha ni sehemu ipi iliyojaa, na kila sehemu ina dawa yake. /storage/archive huwatia watu wasiwasi bure, maana imeundwa ijae: humo hutunzwa nakala za kumbukumbu za miamala (rekodi za mabadiliko ya hifadhidata), na za zamani huondolewa zenyewe ili kupisha mpya. Katika /storage/core mna mabaki ya programu zilizoanguka, nayo yanaweza kufutwa endapo hakuna uchunguzi unaoyahitaji. Mtego uko /storage/log, penye faili ambamo programu huandika taarifa za kazi zake. Faili likifutwa huku programu ingali imelifungua, jina hutoweka lakini nafasi hairudi mpaka programu hiyo ilifunge au iwashwe upya, na ndipo fundi, akiona df haijabadilika, huongeza kufuta. Ni afadhali kuliacha faili palepale na kuliondolea yaliyomo kwa amri ya truncate, kisha kuitafuta programu inayoandika kupita kiasi.

Pasipopaswa kuguswa kabisa ni ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL ambayo vCenter huitegemea. Saraka ya kumbukumbu zake za miamala iliitwa pg_xlog, na wasimamizi waliokosa nafasi waliifuta wakidhani ni taarifa za kawaida tu, wakaishia na hifadhidata isiyowaka. Waundaji wake walilazimika kuibadili jina kuwa pg_wal katika toleo la 10 la mwaka 2017. Ikiwa waundaji wenyewe walifikishwa hapo, fundi wa zamu ya usiku asijione yuko salama.

Iliyojaa ikiwa ni /storage/seat, yenye takwimu na matukio, dawa ni kushusha kiwango cha takwimu au kupunguza siku za kutunza matukio, ambazo kwa kawaida ni 30. Mara nyingi, hata hivyo, suluhisho la kudumu ni kuongeza diski yenyewe: chukua nakala rudufu, ondoa snapshoti zote (picha za hali ya mashine zilizohifadhiwa ili kuirudisha nyuma) kwa sababu diski yenye snapshoti haikubali kuongezwa, ongeza ukubwa, kisha endesha autogrow.sh, hati ya amri inayoifanya vCenter itumie nafasi iliyoongezwa. Kazi hii haihitaji kuizima seva.

Ninachowaomba wakuu wa vitengo ni kwamba fundi anapoomba gigabaiti chache za ziada, zinazopatikana kwenye hifadhi ambayo tayari imelipiwa, asirudishwe mezani kwake kwa swali la kwa nini hajafuta kwanza.

Msimamizi wa seva,
Dodoma