Msiikimbie sindano ya mgongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na ndugu wa wagonjwa, hasa wa huku kwetu Mbagala. Mimi ni mhudumu wa majumbani wa kujitolea, naishi na VVU, na kinachonikera ni ndugu kutia sahihi ya kukataa mgonjwa asitolewe maji ya mgongo.

Mwaka jana kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa ameacha ARV, dawa za VVU, kimyakimya, aliumwa kichwa wiki mbili hivi. Akameza Panadol, akameza na dawa mseto ingawa kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Alipoanza kutapika na kuona vitu viwiliviwili, wakasema malaria imepanda kichwani. Shangazi akaleta kombe. Sina ugomvi na kombe, ila anywe yuko njiani kwenda hospitali! Walipofika, daktari akataka maji ya mgongo, mjomba akagoma: sindano ile inalemaza, inaua.

Wanaosema hivyo wengi wao wagonjwa wao walifikishwa fahamu zimeshapotea, lawama za ugonjwa zikabebeshwa sindano. Mjomba alipolegea, maji yalitoka kwa kasi, maana presha ndani ya fuvu ilikuwa juu mno na ndiyo iliyokuwa ikimtesa. Asubuhi kijana akaomba uji. Sindano ilirudiwa, kwa kuwa presha hiyo hupanda tena, na safari hiyo mjomba hakubisha.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi aitwaye kriptokokasi. Fangasi hao wamo kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, tunawavuta kwa pumzi. Kinga ikianguka ndipo wanapanda kwenye ubongo. Hawaambukizi mtu kwa mtu, kwa hiyo yule jirani aliyewazuia wanawe wasiingie pale alijisumbua bure. Uti wa mgongo wa TB nao huja na dalili zinazofanana, lakini dawa zake ni nyingine kabisa, ndiyo maana maji hayo hupimwa. Daktari akisema picha ya kichwa itangulie sindano, msikilizeni vilevile. Wala ARV zisirudiwe kwa papara: kwa fangasi huyu husubiriwa wiki 4 hadi 6 za matibabu yake kwanza.

Utafiti uliofanyika hapa Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa mwaka 2015, ulihusu watu walioanza ARV wakiwa na CD4, yaani chembe za kinga kwenye damu, chini ya 200. Waliopimwa fangasi kwenye damu na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 28 kuliko vya waliopata huduma ya kawaida. Kipimo chenyewe ni kijikaratasi, majibu ndani ya dakika 10. Sasa inakuwaje mtu aliyeacha dawa akirudi kliniki anapewa kopo la dawa na tarehe ya kurudi, bila hata kuulizwa kichwa kinamuuma tangu lini? Apimwe CD4 siku hiyohiyo, na ikiwa imeshuka, apimwe na fangasi kabla hajaondoka.

Mhudumu wa majumbani (jina nimelihifadhi),
Mbagala, Dar es Salaam