Eko imekuwa nzuri lakini kovu lipo: aache dawa au aendelee?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya moyo. Naomba ushauri juu ya mgonjwa ambaye madaktari wake wawili wamempa majibu yanayopingana. Mwenyewe ameridhia nikuandikie.

Ni kijana wa miaka 24, mcheza mpira. Miezi 8 iliyopita alilazwa kwa maumivu ya kifua yaliyokuja siku chache baada ya mafua makali. Troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, ilikuwa juu sana, mishipa inayolisha moyo ikakutwa safi, na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ikaonyesha chumba cha chini cha kushoto kinasukuma asilimia 38 tu ya damu yake kwa kila pigo, wakati kwa mtu mzima mwenye afya tunatarajia 55 na kuendelea. MRI (picha ya kina kwa sumaku) ikathibitisha mayokadaitisi, yaani kuvimba kwa misuli ya moyo. Akaanzishiwa dawa tatu za moyo dhaifu: enalaprili inayoshusha presha, bisoprololi inayotuliza mapigo, na spironolaktoni inayoweza kupandisha potasiamu, na mazoezi akapigwa marufuku.

Baada ya miezi 3 asilimia ilipanda hadi 54, baada ya miezi 6 ikafika 58, na troponini ikashuka kabisa. Hapo daktari wa kwanza akamwambia amepona, aache dawa zote na arudi uwanjani. Simlaumu. Wengi wenye ugonjwa huu hupona kweli, hasa wale ambao nguvu ya moyo haikushuka tangu mwanzo. Ila huyu ilishuka, na MRI ya baada ya miezi 6 ndiyo inayonitia hofu: maji ya uvimbe yamekwisha, lakini kovu limebaki, tena katikati ya unene wa ukuta unaotenganisha vyumba vya kushoto na kulia. Kovu la tabaka la nje, ukuta wa pembeni, tunaliona mara nyingi na kwa kawaida halina makubwa iwapo moyo una nguvu. La ukuta wa kati ni jingine. Utafiti wa Italia uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba wenye kovu hapo walipata matatizo zaidi miaka ya baadaye, hata kama moyo wao ulikuwa unasukuma vizuri.

Daktari wa pili aliagiza vipimo viwili ambavyo mara nyingi hurukwa kwa sababu tu eko imetoka nzuri, jambo ambalo kwangu ni hatari. Holta, kifaa kinachovaliwa kurekodi mapigo kwa saa 24, ilinasa mapigo ya ziada 1,400 kutoka vyumba vya chini, na mara moja manne yakafuatana kwa kasi. Kisha akapandishwa kwenye mashine ya kukimbia. Mapigo ya ziada yanayopotea mtu anapochangamka huwa hayatishi sana. Yake yalizidi kadiri mwendo ulivyopanda, dakika ya 9 yakaanza kuja mawili mawili, na hata alipopumzika yalichukua muda kutulia. Maelezo tunayoyajua ni haya: kovu halipitishi umeme, hivyo umeme hulizunguka, na ukichelewa vya kutosha huikuta misuli ya upande wa pili imeshakuwa tayari kupigwa tena. Mzunguko ukishaanza, moyo unaweza kwenda mbio bila mpangilio, na mchezaji akaanguka.

Kwa hiyo daktari huyu anasema dawa ziendelee, pengine maisha yote. Anataja utafiti wa TRED-HF wa Uingereza: kati ya wagonjwa 25 wa moyo uliotanuka ambao walikuwa wamepata nafuu na wakaachishwa dawa, 11 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi 6, na walioendelea na dawa hakurudiwa hata mmoja. Lakini wale hawakuchaguliwa kwa sababu ya mayokadaitisi, na sijui niupime vipi ushahidi huo kwa kijana wa namna hii.

Shida ni kwamba dawa zenyewe zinamlemea. Presha asubuhi ni 96/58, akisimama ghafla anaona kizunguzungu, na potasiamu ya damu imefika 5.3. Ikipita 5.5 itabidi spironolaktoni ipunguzwe nusu. Nimemsisitizia asiache bisoprololi ghafla, maana moyo uliozoea kuzuiwa hurudi na mbio kali. Nimemshauri pia enalaprili anywe usiku, ajipime uzito kila asubuhi, na akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 aje bila kungoja miadi.

Kuna jambo limejitokeza juzi tu, tulipomwuliza upya habari za ukoo. Mjomba wake, ndugu wa mama, alifariki ghafla akiwa na miaka 36. Maiti yake haikupasuliwa kuchunguzwa. Nafahamu kwamba hitilafu ya kurithi katika jeni ya desmoplakini, protini inayoshikanisha seli za moyo, huweza kujitokeza kama mayokadaitisi, hurudi kwa vipindi, huacha kovu, na mazoezi mazito huiharakisha. Kama ni hiyo, tulikuwa tunatibu kitu kingine tangu mwanzo, na mama yake na dada zake nao wanahitaji kupimwa.

Naomba unisaidie kwa haya. Je, tuanze kupunguza spironolaktoni peke yake, turudie eko na NT-proBNP (kipimo cha damu kinachopanda moyo ukilemewa) baada ya wiki 4, na bisoprololi tusiiguse kwa sababu ya yale mapigo? Mwongozo wa Ulaya wa 2025 unaruhusu kufikiria kurudi mazoezini baada ya angalau mwezi 1, tofauti na miezi 3 hadi 6 tuliyozoea. Kwa matokeo haya ya mashine, kuna muda wowote unaoweza kumruhusu kushindana, au aishie kutembea na mazoezi mepesi? MRI irudiwe lini? Na kifaa cha kushtua moyo kijadiliwe sasa, au tusubiri kwanza majibu ya jeni?

Miadi yake ni wiki 3 zijazo, na kocha wake ameshaanza kumpigia simu.

Muuguzi, kliniki ya moyo