Hoto kwa ajili ya Mama

Kofu, Yamanashi, Japani

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatuandama. Nimefurahi kusikia Mama amerudi nyumbani na presha imeshuka. Lakini uliposema kakatazwa chumvi na sasa chakula hakimpandi, nikajua la kumpikia: hoto.

Hoto ni supu ya tambi ya watu wa huku Yamanashi, karibu na Mlima Fuji. Nchi yao ni milima mitupu, mpunga hauna nafasi, wakashikamana na ngano. Tambi zenyewe ni pana, unga na maji basi, hazitiwi chumvi, tofauti na zile za udon, tambi nyingine nene za Kijapani. Kwa hiyo huingia sufuriani mbichi, zikaivia humo humo na mboga, na unga wake ukaifanya supu iwe nzito.

Kwa watu wanne, kanda unga gramu 400 kwa maji kidogo kidogo, donge liwe gumu kuliko la chapati. Liache nusu saa, lisukume, kata vipande vya upana wa kidole.

Sasa supu, na hapa usifanye haraka, maana chumvi ikipungua ladha lazima itoke mahali pengine. Wajapani hutumia niboshi, yaani dagaa waliochemshwa wakakaushwa. Dagaa wa kwenu watafaa, ila wasiwe wa chumvi. Wang'oe vichwa na matumbo, ndiko uchungu uliko. Loweka konzi moja kwenye lita 2 za maji kwa nusu saa, chemsha kwa moto mdogo dakika 10, chuja.

Tia magimbi, karoti, figili na uyoga. Vikianza kulainika tia boga, lisimenywe, tena liwe jingi! Hoto bila boga huku hawaitambui. Vipande vingine vitavurugika, viache: supu inageuka manjano na utamu unaenea hadi kwenye tambi. Hapo ndipo Mama atasahau kuulizia chumvi. Tambi zitie pamoja na boga, koroga zisishike chini, zinataka kama robo saa. Kabichi na vitunguu vya majani mwishoni.

Halafu miso, ile soya iliyochachushwa. Kijiko kikubwa kimoja kina chumvi kama gramu 2, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Basi vijiko vitatu kwa sufuria nzima, na usiongeze chumvi wala viungo vya pakiti. Ivuruge kwanza kwenye upawa wa supu, mimina, zima moto. Ikichemka sana harufu yake nzuri inapotea.

Miso nimempa jirani anayekuja huko mwezi ujao, kilo moja. Iweke kwenye friji, imefunikwa. Mpe Mama shikamoo yangu, na uniandikie kama amemaliza bakuli.

Wako,
Saumu